Mwongozo Kamili wa Tambi na Vyakula vya Mitaani vya Japani, Mkoa kwa Mkoa

Mgeni anayefika Japani kwa mara ya kwanza aghalabu hula kila kitu Tokyo, kwa sababu jiji hilo limekusanya vyakula vya nchi nzima, na tambi za rameni za Sapporo, tambi za udoni za Kagawa na okonomiyaki ya Hiroshima, chapati nene ya kabichi na tambi, zote hupatikana humo kwa nauli ya treni ya mjini. Hakuna ubaya, ila vyakula hivi vina kwao. Kila kimoja kilitokana na hali ya hewa, bandari au dhiki ya mahali fulani, na huko kwao huliwa kwa saa zake, kwa bei yake na kwa utaratibu wake, mambo ambayo tawi lililofunguliwa Tokyo haliwezi kuyahamisha. Mwongozo huu umeandikwa kwa msafiri mwenye siku saba hadi kumi anayetumia reli, akianzia Fukuoka kusini-magharibi, akipita Hiroshima, Kagawa na Osaka, kisha akipanda kaskazini hadi Morioka. Mwenye siku chache zaidi apunguze miji, asipunguze muda wa kila mji. Na akilazimika kuacha kitu, aache rameni, ambayo ataipata popote, lakini asiiache udoni ya Kagawa.

Hatua ya kwanza: zitambue jamii za tambi

Rameni hutengenezwa kwa unga wa ngano na maji yenye magadi, na ni magadi hayo yanayozipa tambi zake rangi ya manjano na mnyumbuko. Asili yake ni tambi za Kichina zilizoingia kupitia miji ya bandari kama Yokohama. Udoni ni ngano, chumvi na maji tu, nene na nyeupe. Someni ni ngano pia, lakini nyembamba mno, na huliwa baridi wakati wa joto; iliyo maarufu hutoka Miwa katika mkoa wa Nara na katika kisiwa cha Shodoshima.

Soba ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa unga wake hutokana na mbegu za mmea usio wa jamii ya ngano, uitwao buckwheat kwa Kiingereza. Mgahawa ukiandika juwari, tambi zake ni za unga huo mtupu. Ukiandika nihachi, sehemu nane ni soba na mbili ni ngano. Asiyeweza kula ngano kwa sababu za kiafya asidhani kwamba soba yoyote itamfaa. Kuna pia watu ambao miili yao huikataa soba vikali, kiasi cha kuhatarisha maisha, na hao wajihadhari hata wanapoagiza udoni, kwa sababu migahawa mingi inayouza vyote viwili huvichemshia katika sufuria moja. Kinyume chake, yakisoba, yaani tambi za kukaangwa, na soba ya Okinawa hazina unga wa soba ndani yake, licha ya jina. Zote mbili ni za ngano.

Hatua ya pili: amua mapema usichokula

Kwa msomaji Mwislamu, au yeyote asiyekula nguruwe, hatua hii ndiyo inayoamua safari nzima, na ni afadhali ikamilike kabla ya kukata tiketi ya ndege. Rameni ya Fukuoka huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Rameni ya Sapporo yenye miso, yaani soya iliyochachushwa, kwa kawaida hukaangiwa mboga zake kwa mafuta ya nguruwe. Hata rameni ambayo mchuzi wake ni wa kuku au dagaa huwekewa juu kipande cha nguruwe, na kukiondoa kipande hicho hakubadilishi kilichomo ndani ya mchuzi. Kwa hiyo rameni itafutwe kwenye migahawa yenye cheti cha halali, ambayo Tokyo ipo, hasa mtaa wa Asakusa, na vivyo hivyo katika miji mikubwa kama Osaka na Kyoto.

Udoni na soba ni rahisi zaidi, kwa kuwa msingi wa mchuzi wake ni mwani na samaki wakavu. Hata hivyo mchuzi huo mara nyingi hutiwa mirini, divai tamu ya mchele ya kupikia, na kila mtu atapima mwenyewe msimamo wake juu ya hilo. Wasiokula samaki wana kazi kubwa zaidi kuliko wasiokula nguruwe: bakuli lililojaa mboga tupu laweza kuwa limeelea katika maji ya samaki, na mhudumu hatafikiria kulitaja kwa sababu kwake hilo ni ladha tu.

Beba kadi iliyoandikwa kwa Kijapani ikieleza usichokula, na ukariri alama moja, 豚, ambayo ni nguruwe. Swali la kuuliza ni hili: butaniku haitte imasu ka, yaani je, kuna nyama ya nguruwe ndani? Ulize kabla ya kukaa, si baada ya bakuli kuletwa.

Hatua ya tatu: fedha, mashine ya tiketi na saa

Migahawa mingi ya tambi haina mhudumu wa kupokea oda. Mlangoni kuna mashine: unaingiza fedha, unabonyeza kitufe cha chakula, unachukua tiketi na kumkabidhi mpishi. Kitufe cha juu kushoto kwa kawaida ndicho cha chakula kikuu cha mgahawa huo, na asiyejua kusoma alama za Kijapani hatakosea sana akikibonyeza hicho. Tembea na noti za yen 1,000, kwa kuwa mashine nyingi za zamani hazipokei noti kubwa, na tangu noti mpya zilipotolewa Julai 2024 zipo nyingine ambazo hazikubadilishwa ili kuzitambua. Mgahawa mdogo wenye viti vinane hauna sababu ya kununua mashine mpya haraka, kwa hiyo weka noti za zamani chache kando ukizipata. Bakshishi haitolewi, ukiiacha mezani, huenda mwenye mgahawa akakukimbilia barabarani kukurudishia.

Kuhusu saa, mabango hutumia hesabu ya saa 24, na msomaji aliyezoea saa za Kiswahili abadilishe kwa uangalifu: 18:00 ni saa 12 jioni. Angalia pia saa ya oda ya mwisho, ambayo hutangulia saa ya kufunga kwa nusu saa au zaidi, na ndiyo inayohesabika.

Hatua ya nne: Fukuoka, chini ya turubai

Anzia hapa ukiweza, kwa sababu uwanja wa ndege uko vituo viwili tu vya treni ya chini ya ardhi kutoka Hakata, kituo kikuu cha reli cha mji. Fukuoka ndio mji wa Japani ambako vibanda vya chakula vya usiku, yatai, vimebaki kuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Vilienea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vikapungua kwa miongo mingi, na mwaka 2013 jiji likatunga sheria ndogo ya kuvisimamia. Leo viko takriban mia moja, vingi vikiwa Tenjin, Nagahama na kando ya mto huko Nakasu. Husukumwa mahali pake jioni, hufunguliwa kuanzia saa 12 au saa 1, na hufunga baada ya usiku wa manane. Mvua kubwa ikinyesha havifunguliwi.

Utaratibu ni huu. Chungulia ndani, onyesha kwa vidole mko wangapi, usubiri ujibiwe. Viti ni vinane au kumi, kwa hiyo kundi la watu sita ligawanyike. Bei hubandikwa wazi, na kila mtu hutarajiwa kuagiza angalau chakula kimoja na kinywaji. Si lazima kiwe pombe. Hakuna choo ndani, na vyakula vibichi haviruhusiwi kuuzwa. Kula, maliza, wapishe wengine. Vibanda vya Nakasu vina taa nzuri majini na foleni ndefu ya watalii. Kwa maoni yangu Tenjin ndiko unakokula vizuri zaidi, kwa kuwa wateja wake ni watu waliotoka kazini.

Rameni ya hapa ina mchuzi mweupe mzito wa mifupa iliyochemshwa kwa moto mkali kwa saa nyingi, na tambi nyembamba zilizonyooka. Wembamba huo unahusishwa na soko la samaki la Nagahama, ambako wafanyakazi hawakuwa na muda wa kusubiri tambi nene ziive. Kwa kuwa tambi nyembamba hulainika haraka, bakuli huja na tambi kiasi, nawe ukimaliza unasema kaedama kudasai ili uongezewe fungu jingine katika mchuzi uliobaki. Usiunywe mchuzi wote mapema. Utaulizwa pia kiwango cha ugumu: kata ni ngumu kidogo, barikata ni ngumu sana, futsuu ni ya kawaida, na mgeni aanze na kata.

Asiyekula nguruwe hana sababu ya kuikwepa Fukuoka. Hekalu la Jotenji, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha Hakata, lina jiwe linalodai kwamba udoni na soba zilianzia hapo, kwa mtawa Enni aliyerudi kutoka China mwaka 1241. Udoni ya mji huu ni laini kabisa, hailazimishi meno kufanya kazi, na hupambwa kwa mzizi wa gobo uliokaangwa. Mwenye siku ya ziada aende Nagasaki kula champoni, tambi nene zilizochemshwa pamoja na mboga, vyakula vya baharini vya aina mbalimbali na nguruwe, chakula kinachohusishwa na mgahawa uliofunguliwa mwaka 1899 na Mchina Chen Pingshun, aliyetaka kuwalisha wanafunzi wa kwao kwa bei nafuu.

Hatua ya tano: Hiroshima

Treni ya mwendokasi kutoka Hakata huchukua takriban saa moja. Okonomiyaki ya Hiroshima hupangwa kwa tabaka: mpishi humwaga uji mwembamba wa unga kwenye bamba la chuma, hurundika juu yake kabichi iliyokatwa nyembamba hadi rundo linaonekana haliwezi kuliwa na mtu mmoja, huweka vipande vya nguruwe, hugeuza yote kwa mara moja, kisha huilaza juu ya tambi zilizokaangwa na mwisho juu ya yai. Kabichi husinyaa kwa mvuke wake yenyewe, na hapo ndipo utamu unapopatikana. Chakula hiki kilikua baada ya vita, mji ulipokuwa magofu na unga wa ngano wa msaada kutoka Marekani ndio uliopatikana. Jengo la Okonomimura lina vibanda zaidi ya ishirini vya chakula hiki. Kaa mbele ya bamba, si mezani, ule kwa kijiko bapa cha chuma moja kwa moja kutoka motoni. Waweza kuomba kisiwekwe nguruwe, lakini kumbuka bamba ni hilohilo kwa wote, na sosi ya kawaida aghalabu ina dondoo za nyama.

Hatua ya sita: Kagawa, na hapa usikimbie

Panda treni ya mwendokasi hadi Okayama, kisha treni ya Marine Liner inayovuka bahari juu ya daraja la Seto Ohashi, lililofunguliwa mwaka 1988, na baada ya takriban saa moja utashuka Takamatsu. Mkoa wa Kagawa hupata mvua chache, hivyo mpunga ulisumbua na ngano ikastawi; pwani ilitoa chumvi, kisiwa cha Shodoshima kikatoa sosi ya soya, na kisiwa cha Ibuki kikatoa dagaa wakavu wa mchuzi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ataitambua harufu hiyo ya dagaa kabla hajaona bakuli.

Lala Takamatsu usiku mmoja, kwa sababu udoni hapa ni chakula cha asubuhi na mchana. Maduka mengine hufungua saa 12 asubuhi, mengi hufunga saa 8 mchana, na tambi zikiisha mapema pazia la mlangoni hushushwa hata kama saa ya kufunga haijafika. Mengi ni ya kujihudumia, na mgeni asiyejua mpangilio huziba foleni ya watu wanaowahi kazini. Fuata mfuatano huu.

Chukua sinia, ufike kwa mpishi na utaje ukubwa: 小 ni fungu moja la tambi, 中 kwa kawaida ni mafungu mawili, 大 ni matatu. Fungu moja linatosha, kwani utakwenda duka la pili. Taja pia aina: kake ni ya mchuzi wa moto, bukkake ni tambi zenye mchuzi mzito kidogo uliomwagiwa juu, kamaage hutolewa sufuriani bila kuoshwa kwa maji baridi, nawe unachovya, kamatama ni hizo za sufuriani zilizokorogwa na yai bichi, ambalo huiva nusu kwa joto la tambi, kisha hutiwa sosi ya soya. Katika maduka ya kizamani utapewa tambi baridi ndani ya bakuli tupu. Usishangae. Zimimine kwenye kichujio chenye mpini, zitumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde kumi hivi, zikung'ute maji vizuri, zirudishe bakulini, kisha fungua bomba la pipa la mchuzi na ujiwekee mwenyewe. Pita kwenye meza ya vikaango, uchukue kwa koleo unachotaka, halafu ulipe. Fungu moja la kake mara nyingi halifiki yen 500. Kitunguu cha majani, tangawizi iliyokunwa na chembe za unga uliokaangwa ni vya bure. Vuta tambi kwa sauti, kwani sauti haiudhi mtu, na udoni ya hapa ina ukakamavu unaohitaji meno. Ukimaliza, rudisha bakuli dirishani mwenyewe.

Maduka bora yametawanyika mashambani na mabasi ni machache. Suluhisho ni teksi za udoni, zenye bakuli la tambi juu ya paa badala ya taa ya kawaida, ambazo madereva wake hufanyiwa mtihani juu ya udoni kabla ya kuruhusiwa kuwachukua wageni. Huko Kotohira kuna pia shule ya kufundisha wageni kukanda udoni, na kukanda kwenyewe ni kwa miguu, donge likiwa limefungwa ndani ya mfuko.

Hatua ya saba: Osaka na Akashi

Osaka ndio mji wa takoyaki, vidonge vya unga na pweza vinavyopikwa kwenye bamba lenye mashimo ya nusu mviringo. Duka la Aizuya ndilo linalotajwa kuwa lilianza mwaka 1935. Simama utazame: muuzaji humwaga uji mwingi unaofurika mashimo yote, hunyunyiza pweza, kitunguu na tangawizi nyekundu, kisha kwa sindano ndefu hukata uliofurika na kuusukumia ndani huku akizungusha, hadi kila shimo liwe na tufe. Ndani hubaki uji wa moto mkali. Toboa kwanza, subiri mvuke utoke, ndipo ule. Wengi huondoka mtaa wa Dotonbori wakiwa wameungua kaakaa. Sehemu kubwa ya pweza anayeingizwa Japani hutoka Mauritania na Morocco, kwa hiyo tufe hilo linaweza kuwa limesafiri mbali kuliko anayelila.

Chini ya saa moja kwa treni kutoka Osaka uko Akashi, ambako vidonge vya namna hiyo huwa na mayai mengi zaidi, hupangwa juu ya kibao cha mbao kilichoinama na huchovywa katika mchuzi wa samaki badala ya kupakwa sosi. Pweza wa huko huvuliwa katika mlango-bahari wenye mikondo mikali. Mimi huvipenda hivi kuliko vya Osaka, na wasiotaka sosi yenye dondoo za nyama wana sababu ya pili ya kuvifuata, mradi waulize kilichomo mchuzini.

Katika mtaa wa Shinsekai kuna kushikatsu, mishikaki iliyopakwa chenga za mkate na kukaangwa. Penye chombo cha sosi cha pamoja, chovya mara moja tu kabla ya kung'ata. Ukihitaji zaidi, chota kwa kipande cha kabichi.

Hatua ya nane: kaskazini hadi Morioka

Njiani, ukibadilisha treni Nagoya, kula kishimeni, tambi bapa za ngano, umesimama kwenye kibanda cha jukwaani. Kutoka Tokyo, Morioka ni mwendo wa saa mbili na kidogo, nao ni mji wenye tambi tatu zake. Wanko soba huletwa katika vibakuli vidogo, kila kimoja tonge moja au mawili, na mhudumu aliyesimama nyuma yako hukutilia kingine kila unapomaliza. Vibakuli kumi na tano hivi ni sawa na bakuli moja la kawaida. Hutaachwa mpaka ufunike kibakuli kwa kifuniko chake, na ufanye hivyo haraka, kwa kuwa yeye naye anawahi. Reimeni, tambi zenye wanga wa viazi ndani ya mchuzi baridi wa ng'ombe, ilianza kuuzwa hapa mwaka 1954 na mhamiaji kutoka Hamhung, Korea. Huwekewa kipande cha tunda, tikiti maji au peasi kulingana na msimu, na kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, waweza kuiomba kando. Jajameni ni tambi bapa zenye miso ya nyama, kwa kawaida nguruwe, na tango. Bakiza kidogo chini ya sahani, vunja yai bichi hapo, koroga, mpe mpishi sahani na useme chiitan. Atajaza maji ya moto ya tambi na kukurudishia supu.

Hatua ya tisa: adabu ya barabarani

Kununua barabarani si ruhusa ya kula ukitembea. Wauzaji wa soko la Nishiki mjini Kyoto huomba wateja wale mbele ya duka, na mji wa Kamakura ulipitisha kanuni mwaka 2019 inayotaja ulaji wa kutembea katika msongamano kuwa ni usumbufu. Mapipa ya taka ni nadra, hivyo mrudishie muuzaji kijiti na sahani, au beba mfuko wako. Kodi ya mauzo ni asilimia 8 kwa chakula cha kuondoka nacho na asilimia 10 kwa cha kukaa, tofauti iliyoanza Oktoba 2019, na ndiyo maana muuzaji huuliza kabla ya kupokea fedha. Vijiti visisimikwe wima katika wali wala chakula kisipitishwe kutoka vijiti hadi vijiti, kwa kuwa yote mawili ni mambo ya mazishi.

Msimu mzuri wa safari hii ni Oktoba na Novemba. Joto limepungua, vibanda vya Fukuoka havifungwi na vimbunga mara kwa mara, na migahawa ya Togakushi, mkoani Nagano, hubandika matangazo ya soba mpya iliyovunwa punde. Huko tambi huja baridi juu ya ungo wa mianzi katika mafungu madogo. Chovya ncha tu ya kila tonge, na mwishoni mhudumu ataleta birika la maji yaliyochemshiwa soba, ambayo humiminwa katika mchuzi uliobaki na kunywewa.